Uso mweusi, shela jeupe: majibu kwa wanaoanza kupiga picha

Barua nyingi za safari hii zimekuja na picha zilizoharibika, jambo linaloturahisishia kazi, maana picha yenyewe husema ilikosewa wapi. Tumejibu sita. Waliouliza kamera ipi ni bora kuliko zote watuwie radhi, swali hilo halina jibu.

Habari za kazi wahariri. Nina kamera ya Canon ya kuanzia, lenzi yake ni ile ya 18–55 iliyokuja nayo. Nimepiga harusi mbili za ndugu. Ya kwanza shela limetoka safi lakini uso wa bibi harusi ni giza. Ya pili nikaongeza mwanga, uso ukaonekana, shela likawa jeupe pee, hata mkunjo mmoja hauonekani. Fundi mmoja kaniambia kamera zilitengenezwa kwa ajili ya wazungu. Ni kweli?
*Msomaji, Morogoro*

Kuna ukweli ndani ya maneno ya fundi wako, ila sio uliokuharibia harusi. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, na ngozi nyeusi ilitoka vyovyote itakavyotoka. Kamera yako haitumii kadi hiyo. Kipima mwanga chake hakijui ngozi wala shela. Kinajua wingi wa mwanga tu, na kinataka kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kitoke kijivu cha kati. Shela likijaza sehemu kubwa ya picha, kipimo kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na uso unazama gizani. Bwana harusi na wasimamizi wake wakisimama na suti nyeusi, kinafanya kinyume: kinaongeza mwanga, suti zinakuwa za kijivu na nyuso zinapauka.

Kwanza toka kwenye Auto, lile sanduku la kijani, kwa sababu humo huruhusiwi kukibishia kipimo. Weka P au Av. Bonyeza kitufe chenye alama ya +/− huku ukizungusha gurudumu lililo karibu na kidole cha shahada. Bibi harusi peke yake na shela limejaa picha: anza na +2/3, ikibidi nenda +1. Kundi la suti nyeusi: −2/3. Ukishapiga, itazame picha kwenye kioo na ubonyeze kitufe cha taarifa mpaka uone sehemu zilizochomeka zikimetameta. Zikimetameta shanga na lulu peke yake, usijali. Likimetameta shela zima, punguza theluthi moja na upige tena kabla hajaondoka.

Kwa nini tunaogopa kuchoma kuliko giza? Sehemu iliyochomeka haina kitu ndani yake. Ukiishusha mwanga kwenye programu unapata kijivu kitupu kisicho na mkunjo wala lesi. Gizani huwa kuna kitu, hasa ukipiga kwa RAW, lile faili ghafi la kamera. Faili la JPEG hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 hubeba 16,384. Hata hivyo giza nalo lina mwisho wake: ukilipandisha zaidi ya hatua mbili (kila hatua ni mwanga maradufu), chenga zinajaa usoni.

Hayo ni ya kuanzia. Kwa ukumbini tunapendelea njia ya M, ambamo unapanga kila kitu mwenyewe, na tungekushauri uijifunze mapema. Mwanga wa ukumbi haubadiliki kwa kuwa bibi harusi kahama kutoka kwenye keki nyeupe kwenda kwa wasimamizi wenye suti. Kinachobadilika ni kipimo kuchanganyikiwa. Weka shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi liwe wazi kadiri linavyoruhusu (lenzi yako ni f/3.5 ukiwa 18, na f/5.6 ukiwa 55), kisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, 1600. Piga uso wa mtu aliyekaa meza ya heshima, utazame, panda ISO 3200 kama bado ni giza, halafu usiguse tena mpaka taa zibadilishwe. Sharti moja: ISO isiwe Auto. Ikiwa Auto, kamera inaendelea kupima kichinichini na umerudi palepale, huku ukidhani uko kwenye M. Watu wakianza kucheza, shata iwe 1/250. Kidhibiti mtikisiko kilichomo kwenye lenzi hutuliza mkono wako, hakimtulizi shangazi anayeserebuka.

Usipime uso peke yake bila kufikiri. Wapo wanaoweka kipimo cha katikati, wanalenga shavu na kuiamini namba. Kwa ngozi nyeusi hasa, kipimo kitaipandisha iwe kijivu cha kati, na dada wa watu ataonekana amejichubua. Ukipima shavu la namna hiyo, weka −2/3 au −1.

Flashi ndogo iliyo juu ya kamera haifiki mbali, mita tatu au nne basi. Ukiipiga kutoka nyuma ya ukumbi unamulika visogo vya watu. Tena kwa kuwa ni chanzo kidogo cha mwanga, huacha doa la mng'ao kwenye paji la uso na pua. Flashi ya kupachika iliyoelekezwa kwenye dari nyeupe hutoa mwanga mpana unaoteremka taratibu. Dari ikiwa ya mbao, au imefunikwa vitambaa vyekundu vya mpambaji, achana nayo, uso utapata rangi ya kitambaa. Tafuta ukuta mweupe ubavuni, ama mpeleke bibi harusi dirishani dakika tano kabla sherehe haijaanza. Picha za dirishani ndizo atakazozitundika sebuleni.

Asalaam aleikum. Mimi hupiga picha za sherehe za mtaani. Tukiwa chini ya tenti la buluu, nyuso zatoka buluu. Usiku kwenye taa za DJ zatoka zambarau. Nimejaribu kurekebisha kwa kompyuta, ngozi yawa kama majivu. Pia simu yangu huonyesha mistari mistari kwenye picha za ndani.
*Msomaji, Mombasa*

Waalaykum salaam. Hayo ni matatizo matatu tofauti.

La tenti linatibika kwa kiasi kikubwa. Jua likipita kwenye turubai la buluu hufika kwa wageni likiwa limechujwa. Chukua karatasi nyeupe ya A4, isimamishe palipo na wageni, chini ya turubai hilohilo, ipige ikijaza katikati ya picha, kisha ingia kwenye menyu ya WB (usawa wa rangi) uchague kipimo chako mwenyewe na uiteue picha hiyo. Kosa linaloharibu zoezi ni kuipiga karatasi nje juani halafu kurudi ndani. Jua pia kwamba katikati ya tenti na pembeni si rangi moja, maana pembeni huingia mwanga safi wa nje. Kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kumsogeza mtu, msogeze pembeni, uso wake uelekee nje, nawe usimame nje ukimtazama. Hapo hutahitaji kompyuta.

La taa za DJ halitibiki, na wanaokuuzia mitindo ya kurekebisha wanakula pesa zako. Taa ya LED ya zambarau haina rangi zote ndani yake. Kisichokuwemo kwenye mwanga hakikufika kwenye kamera, na programu haina pa kukitoa, ndiyo maana unapata majivu. Piga chini ya kipimo kwa hatua moja ili nyekundu na buluu zisichomeke, kisha geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Au subiri: MC akianza kuongea, mara nyingi taa nyeupe huwashwa.

Mistari inatokana na umeme. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hertzi 50, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa kasi jicho lisiyoiona. Shata ya 1/50 au 1/100 hukusanya mzunguko mzima na mistari inatoweka. Ya 1/500 hukamata kipande. Kwenye mipangilio ya kamera ya simu yako tafuta sehemu ya kuzuia kumetameta uweke 50, si 60.

Shikamooni. Nauza vitenge kwa simu. Wateja wananirudishia mzigo: kitenge cha damu ya mzee kwenye picha kinaonekana chekundu cha kuwaka, na kijani cha majani kinakuwa cha ajabu. Simu yangu ni ya megapikseli 50. Nitumie programu gani ya kurekebisha?
*Msomaji, Kahama*

Marahaba. Programu tutakutajia, lakini nusu ya kazi inaisha kabla ya kupiga.

Rangi yako inaharibiwa na vitu viwili kwa pamoja. Unapiga karibu na dirisha huku taa ya dukani inawaka, kwa hiyo upande mmoja wa kitenge umepata mwanga wa mchana na mwingine wa balbu, na simu haijui imfuate nani. Zima taa. Pili, simu nyingi zina kipengele cha kutambua kinachopigwa na kukipamba. Kikikiona kitambaa chekundu kinakizidishia wekundu. Kizime, pamoja na kile cha kulainisha nyuso.

Tundika kitenge kilichopigwa pasi kwenye kamba, kivulini lakini karibu na mlango ulio wazi, jua lisikipige moja kwa moja. Asubuhi kati ya saa tatu na saa tano ni muda mzuri. Futa kioo cha lenzi kwa kitambaa laini, kwani mafuta ya vidole peke yake hutosha kuleta ukungu. Simama kama mita moja na nusu, simu iwe sambamba na kitambaa. Usivute kwa vidole viwili. Kuvuta kwa namna hiyo ni kukata tu. Bonyeza kitambaa kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha teremsha alama ya jua kidogo mpaka wekundu urudi kuwa wa damu ya mzee kama unavyouona kwa macho. Katika picha ya kwanza ya kila kundi, weka kipande cha karatasi nyeupe ukingoni mwa kitenge. Kitakuja kutufaa.

Picha ya karibu ya kuonyesha nyuzi isipigwe kwa ile lenzi ndogo ya vitu vya karibu, ambayo kwenye simu nyingi ina megapikseli 2 na haina maana. Tumia lenzi kuu, rudi nyuma kidogo mpaka fokasi ikamate, kisha kata baadaye. Hapo ndipo zile 50 zinasaidia, maana kwa kawaida simu ya namna hiyo huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya takriban 12.5. Ukiwasha 50 kamili mchana una pa kukata. Gizani usiiwashe, italeta chenga.

Sasa kuhariri. Snapseed ya Google ni ya bure na inatosha kabisa. Fuata mpangilio huu, maana ukiuvuruga utarudia kazi. Kata na unyooshe kwanza, ila ile karatasi ibaki ndani ya picha. Halafu nenda kwenye usawa wa rangi, chagua alama ya kitone cha dawa na ukiweke juu ya ile karatasi. Kitenge chote kitatulia. Ndipo mwanga: pandisha au teremsha jumla, kisha vivuli peke yake. Ukali wa rangi uache sifuri. Tunajua kidole kinawasha kuusogeza, lakini mzigo unaorudishwa unaanzia hapo. Ukali wa nyuzi usizidi 10, kwa sababu ukizidi kitambaa laini huonekana gunia. Programu hukumbuka marekebisho ya mwisho, kwa hiyo picha zinazofuata, zilizopigwa palepale kwa mwanga uleule, unayapachika yote kwa mguso mmoja bila karatasi.

Usihariri usiku huku simu imewasha kile kichujio cha njano cha kupumzisha macho. Utaona kila kitu ni cha njano, utaongeza buluu, na asubuhi vitenge vyote vitakuwa na baridi. Vilevile kioo cha mteja hukitawali, kwa hiyo andika jina la rangi chini ya picha: damu ya mzee, ugoro, kijani cha chupa.

Picha zangu zinang'aa kwenye simu lakini studio zinatoka na ukungu, tena wanakata vichwa vya watu. Wanasema kosa ni langu.
*Msomaji, Dodoma*

Wana haki nusu. Uliwatumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, nayo huibana mpaka upande mrefu unabaki takriban pikseli 1,600. Tuma kama hati, au peleka kadi yenyewe. Kwa karatasi ya inchi 4 kwa 6 unahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, na kwa A4 ni 2,480 kwa 3,508, tukihesabu nukta 300 kwa inchi.

Kuhusu vichwa: simu hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, karatasi ile ni 3 kwa 2. Picha ya kulala ya 4,000 kwa 3,000 ikijazwa kwenye karatasi hiyo inapoteza pikseli 333 za kimo, yaani sehemu moja ya tisa. Mwenye mashine asipochagua kipi kikatwe, mashine inagawa juu na chini sawasawa. Acha nafasi juu ya vichwa unapopiga kundi, au kata mwenyewe kwa 3:2 kabla ya kupeleka. Na kila unapofungua JPEG, kuibadilisha na kuihifadhi juu ya ileile, inabanwa upya na kupoteza kidogo. Ya asili isiguswe, hariri nakala.

Nimefuta picha za ubatizo kwenye kadi kwa bahati mbaya. Kuna tumaini?
*Msomaji, Bukoba*

Lipo kubwa, kama hujapiga picha nyingine. Kufuta huondoa majina kwenye orodha tu. Picha zenyewe zinakaa hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Itoe kadi kwenye kamera sasa hivi. Kama ni kadi kubwa ya SD, sukuma kile kitufe cha ubavuni upande wa kufunga. Iweke kwenye kompyuta kwa kisomakadi, tumia programu ya PhotoRec, ambayo ni ya bure, na uelekeze picha zinazookolewa kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Majina ya mafaili yatapotea, zitakuja na namba. Kompyuta ikikuuliza kama uifomati kadi, kataa.

Kwa siku zijazo, fomati ndani ya kamera yenyewe baada ya kuhamisha picha sehemu mbili, na usichomoe kadi taa ndogo nyekundu ikiwa inawaka. Kadi mpya ya bei ya kutupa ijaribu kwanza kwa programu ya H2testw kwenye Windows. Zipo zinazojitangaza GB 128 na ndani ni 8, na hujui mpaka picha zitakapokataa kufunguka.

Nataka kununua kamera iliyotumika. Nipo Unguja. Niangalie nini?
*Msomaji, Unguja*

Nenda mchana, na kadi yako mwenyewe. Funga tundu mpaka f/16, piga mawingu au ukuta mweupe, kisha uikuze picha. Vidoa vyeusi vinavyokaa palepale kila picha ni vumbi kwenye sensa, kile kipokea mwanga cha kamera, vichache husafishika. Ziba lenzi kwa kifuniko, piga kwa ISO 1600 sekunde moja, uhesabu nukta zinazowaka. Sikiliza shata kwa 1/30 na 1/1000. Kwa kamera nyingi za Nikon, idadi ya mapigo imeandikwa ndani ya faili la picha na programu ya ExifTool huisoma; Canon nyingi haziandiki hapo. Shata za daraja la kuanzia hutarajiwa kufika takriban 100,000. Kamera iliyofika 80,000 unaweza kuinunua, ila kwa bei ya kamera ya 80,000. Hakikisha chaja na betri ni vyake, na flashi inaruka.

Kwenye lenzi chukua muda zaidi. Itoe, ifungue tundu, mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma ukitazama kwa pembe. Vumbi kidogo halidhuru kitu. Utando wenye nyuzi nyuzi zinazotawanyika kutoka ukingoni ni kuvu, na hapo ulipo, pwani, ndio ugonjwa wa kwanza wa lenzi. Kuvu changa fundi huisafisha. Iliyokaa huila tabaka la kioo, na picha zikielekea mwanga zinapauka moja kwa moja. Muuzaji akisema ni alama tu haionekani kwenye picha, mwambie asante uondoke.

Ukishanunua, usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Ngozi na kitambaa hushika unyevu. Nunua boksi la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, lita 10 hivi, uweke gramu 100 za silika jeli na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 65 kwa siku nyingi kuvu inaamka. Silika ya rangi ya buluu ikigeuka ya waridi imeshiba, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili tatu. Mchele usiutumie, unga wake unaingia kwenye pete za lenzi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa, kwa kuwa joto la nje likikutana na kioo baridi linaweka maji, na hayo ya ndani ya lenzi hayafutiki kwa kitambaa.